Karatasi Juu ya Kigoda

Ujumbe wa msiba ulinikuta kwenye foleni ya dawa za presha. Binti yake Mama Koku aliandika kwa kifupi, vilevile kama mama yake alivyokuwa akizungumza: "Mama amepumzika jana hapa Bukoba. Alituachia maneno kwamba wewe ujulishwe." Nikawapisha watu watatu waliokuwa nyuma yangu, nikaenda kukaa kwenye benchi. Muuguzi mmoja kijana akanifuata, akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamwambia hapana, nimepata msiba. "Pole sana, babu. Ni ndugu?" Mama Koku hakuwa ndugu yangu, wala jirani, wala hatukusali kanisa moja. Alikuwa mdai wa kwanza katika shauri ambalo mimi, tarishi wa mahakama, nililiua kwa adabu zangu. Mambo kama hayo huwezi kumweleza mtoto wa watu aliyeshika kipimo cha presha, kwa hiyo nikasema ndiyo, ni ndugu, naye akanipa pole ya pili.

Sitasimulia nilikozaliwa wala ng'ombe wa baba yangu walikuwa wangapi. Hayo wazee wenzangu wanayaandika, na ng'ombe huzaana kila wanapoandika. Nataka mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao magugumaji yaliziba kingo za ziwa mpaka wenye mitumbwi wakawa wanasukuma kwa miti mahali pa kupiga kasia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimemwoa Minza mwaka uliotangulia, na ndiyo kwanza nimethibitishwa kazini. Chumba chetu kilikuwa masjala, nyuma ya jengo la mahakama, chenye dirisha moja la kutazama ziwa na jingine ambalo hakuna aliyekumbuka kama liliwahi kufunguka. Majalada yalipangwa hadi kugusa dari, yamefungwa kwa kamba za katani, na katikati yake alikaa Mzee Tito, mkuu wa matarishi, Mkerewe mwembamba mwenye chupa ya chai isiyo na sukari na kauli moja kwa kila jambo: "Karatasi ifike." Watu hudhani kesi huanzia mdomoni mwa wakili. Kesi huanzia miguuni mwa tarishi. Samansi inatakiwa ikabidhiwe kwa mdaiwa mkononi naye asaini. Akikataa au akijificha, unaibandika mlangoni kwake mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Kisha unarudi ofisini na kuapa kwa maandishi jinsi ulivyofanya. Kiapo kikiwa na tundu, kesi yote inavujia hapo. Mzee Tito alinifundisha hayo wiki ya kwanza, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mtu anayejua tayari.

Mwaka huo kila mtu mjini Mwanza alitaka kuwa tajiri, na biashara ilikuwa ruksa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota pembeni ya ziwa, malori ya barafu yakipishana barabarani na kumwaga maji ya harufu, na hata walimu wakawa wanazungumza bei ya injini za mitumbwi. Ndipo ikaja Kampuni. Jina lake limebaki jaladani na sina haja ya kulifufua. Ilipanga ofisi yenye vioo katikati ya mji, ikatangaza kwamba mtu wa kawaida anaweza kununua sehemu ya mtumbwi wa injini. Kampuni itavua, itauza kiwandani, naye atapokea faida yake kila mwezi akiwa amekaa kwake. Miezi ya mwanzo faida ilitoka kweli, na hiyo ndiyo iliyowaponza. Mama Koku alikuwa muuguzi mstaafu, mjane wa Kihaya, mwenye nyumba ya vyumba vinne kule Nyegezi aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wa zamu za usiku. Aliiweka rehani hati ya nyumba hiyo kwa mkopeshaji, akanunua sehemu tatu za mtumbwi. Faida ilipokatika, mkopeshaji hakukatika. Mama Koku na wenzake kama arobaini wakafungua shauri wakidai wametapeliwa, na tangu siku ya kwanza alituambia waziwazi kilichomleta: akipata hukumu mapema, malori mawili ya barafu na injini za Kampuni zilizokuwa bado Mwanza zitauzwa, naye ataikomboa nyumba. Akichelewa, nyumba itakwenda.

Alikuja masjala kila Jumatano, kitenge kimepigwa pasi, saa yake ya uuguzi bado ameibana kifuani kwa pini kana kwamba wodi inamsubiri. Alileta kahawa za kutafuna zimefungwa kwenye jani la mgomba, akamgawia Mzee Tito kwanza, kisha makarani, kisha mimi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hebu nikuone macho. Damu huna wewe, huyo mke hakupi mchicha?" Wote wanacheka, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Karatasi yangu imekwenda?" Nilimpenda yule mama, naandika bila kuona haya. Alikuwa mtu wa kwanza katika jengo lile kunitazama kama mtu mwenye mwili, si kama baiskeli yenye mkoba. Lakini kwenye korido nilikuwa nasikia mengine. Nilisikia kwamba Mkurugenzi, yule aliyekuwa akikata utepe na kugawa kofia, ameonekana Dar. Siku nyingine nilisikia amevuka mpaka. Nilisikia kwamba ofisi yenye vioo sasa inalindwa na mbwa wawili na haina samani ndani. Mlinzi wa mahakama, ambaye naye alikuwa amenunua nusu ya sehemu kwa siri ya mkewe, aliniambia tukiwa tumesimama chooni: "Hawa watu wanasubiri kitu. Tapeli asiyekimbia anasubiri kitu." Nilimwambia aache kujitisha, ila maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani.

Aliyebaki Mwanza, kwa mujibu wa makaratasi ya usajili, alikuwa mkurugenzi wa pili, mwanamke mmoja aitwaye Perpetua, mkazi wa Isamilo. Samansi ya Kampuni ikaandikwa kwa jina lake, nami nikapewa kwa kuwa upande huo wa mlima ulikuwa wangu. Nilisukuma baiskeli kupanda katikati ya mawe yale makubwa, jua la saa sita likinipiga kisogoni. Mjumbe wa nyumba kumi sikumkuta. Mkewe aliniambia amekwenda msibani Misungwi na atarudi baada ya siku tatu. Akanionyesha nyumba kwa kidole bila kutoka mlangoni. "Ile yenye geti jipya. Siku hizi mchana hawafungui madirisha." Ningeweza kurudi baada ya siku tatu. Lakini tarehe ya kesi ilikuwa karibu na Jumatano ilikuwa kesho, na sikutaka Mama Koku aniulize swali lake nikose jibu.

Msichana wa kazi alinifungulia. Nikamwambia mimi ni Mabula, nimetoka mahakamani, namtafuta mama mwenye nyumba. Sebule ilikuwa mpya kupita kiasi: makochi hayajatolewa nailoni, televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma, mapazia mazito yamevutwa mchana kweupe hadi ikabidi nipapase kiti. Macho yalipozoea giza nikaona picha ukutani, mzee mwenye kofia ya pama na fimbo. Picha hiyohiyo nilikuwa nimeiona Misungwi, ukweni kwangu, siku tulipopeleka mahari. Ndiye babu yake Minza. Kabla sijaamua kutoka, sauti ikaja kutoka nyuma ya pazia la kuingilia vyumbani: "Mabula yupi? Mabula wa Minza?" Msukuma wa malezi yangu hamtazami mkwe wake usoni, hampi mkono, hali naye meza moja, na jina lake halitamki. Mama mkubwa na mama mdogo wa mkeo ni wakwe vilevile. Ndiyo sababu jina la Perpetua halikuniambia chochote. Kwetu alikuwa mama mdogo, basi, mama ntilie wa mwaloni Kirumba, wanaposhusha samaki, aliyeacha masufuria baada ya kupata kazi kwa matajiri wa samaki. Nani angenitajia jina la ubatizo la mkwe wangu, na mimi ningeliuliza kwa uso gani?

"Mwambie mkwe wangu akae," sauti ikamwambia msichana, ingawa nilikuwa hatua nne tu kutoka hapo. "Umletee chakula." Mkwe akiletewa chakula hakatai. Yakaja maji ya kunawa, yakaja matobolwa ya viazi vitamu na karanga, ukaja ugali na kipande cha sangara kilichojaa sahani nzima. Nikala. Nilikula samansi ikiwa mfukoni inanichoma paja, huku nikisikia pumzi ya mwanamke yule nyuma ya pazia na kanga yake ikisugua ukuta kila alipojisogeza. Nilipomaliza nikajaribu kufikiri. Kumkabidhi mkononi nisingeweza hata kama hakimu mwenyewe angesimama nyuma yangu na fimbo. Kuibandika karatasi mlangoni kwa mkwe, majirani wangesema nimekuja kumroga, na Minza asingekanyaga kwao tena. Akili ilikuwa ni kurudi mjini, kumweleza Mzee Tito kwamba mdaiwa ni mkwe wangu, atumwe mtu mwingine. Akili hiyo ilinijia siku mbili baadaye. Wakati ule nilivuta kigoda kilichokuwa pembeni ya pazia, nikaweka samansi juu yake, nikaukabili ukuta na kusema: "Mama, kuna karatasi ya mahakama hapa juu ya kigoda. Ni ya Kampuni. Tarehe imo ndani. Msiache kufika." Pazia likatikisika. "Nimesikia, baba," akajibu. "Msalimie Minza." Nikatoka nikiwa bado nimeukabili ukuta, na nilipofika mlangoni nikageuka nikaona kigoda kitupu.

Fomu ya kiapo ilikuwa imeshapigwa chapa, ya kujaza tu. Ilikuwa na sehemu mbili: nimemkabidhi mwenyewe mkononi, au nimebandika mlangoni, futa isiyohusika. Hapakuwa na sehemu ya kusema nimeweka kwenye kigoda kwa sababu mdaiwa ni mkwe wangu na nilikuwa nimeshiba samaki wake. Nilikaa nayo hadi wenzangu wakaanza kufunga majalada. Mzee Tito akavua miwani. "Alisaini?" Nikasema alikataa kusaini. "Mjumbe?" Nikasema yuko msibani. "Ulimpa mkononi?" Leo nina wajukuu, na swali hilo bado nalisikia kwa sauti yake ya puani. Nilijiambia kwamba karatasi imefika, na kwamba kilichobaki ni mambo ya fomu. "Nilimpa, mzee." Nikafuta sehemu ya pili kwa rula ili mstari unyooke, nikaapa, muhuri ukagongwa. Kesho yake, Jumatano, Mama Koku alipouliza swali lake nilimjibu kabla hajamaliza, naye akanishika shavu mbele ya watu kama mtoto wake.

Siku ya kesi hakufika mtu wa Kampuni. Hakimu akaahirisha, na mara ya pili hawakufika tena, ndipo akatoa hukumu ya upande mmoja kwa faida ya wadai. Dalali wa mahakama akapewa amri ya kukamata mali. Nilikwenda mwenyewe hadi uani kwa Kampuni, Kirumba, kushuhudia malori yakifungwa minyororo kwenye magurudumu na injini zikihesabiwa. Watu walikuja kupiga vigelegele, Mama Koku alikuwapo akigawa kahawa hata kwa polisi. Mimi sikuweza kufurahi. Barafu iliyokuwa ndani ya malori ilikuwa inayeyuka, maji mekundu yanadondoka chini ya milango, na makorongo wawili walikuwa wameshatua juu ya paa la lori kusubiri. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari dogo jeupe, na ndani yake mwanamume aliyevaa suti ambaye hakukasirika wala kushangaa. Alikuwa anaandika. Wiki haikupita nikajua alikuwa wakili wa Kampuni. Alitokea Dar, lakini alikuwa mzaliwa wa Magu, Msukuma kama mimi, na alikuwa ameleta maombi hukumu itenguliwe kwa kuwa mteja wake hakuwahi kupelekewa wito. Kiapo cha mama mkwe kilikuwa cha mistari michache. Mmoja ulisema: hakuna mtu yeyote aliyenikabidhi karatasi ya mahakama mkononi. Nikausoma mara tatu nikitafuta uongo wake, na haukuwapo. Uongo ulikuwa kwenye kiapo changu, wenye mstari ulionyooka.

Minza nilimwambia asubuhi ya siku niliyoitwa kuhojiwa, akiwa anakoroga uji. Nilitegemea apige kelele. Aliendelea kukoroga. "Ukisema alipokea mkononi," akasema hatimaye, "umemfanya mama yangu mwongo mbele ya mji, na umejitangaza kwamba ulimshika mkono. Kwetu hutaingia tena, na mimi sitajua nikuite nani." Nikamwuliza, na nikisema ukweli? Akageuka. Alikuwa anamfahamu Mama Koku. Huyo mama ndiye aliyemuuguza Minza alipopoteza mimba yetu ya kwanza, akakataa malipo. "Nikisema ukweli, Minza?" Uji ulikuwa umeshika chini na unanuka. "Usiniulize mimi," akasema. "Ungeniuliza kabla ya kula." Njiani, kwenye ngazi za mahakama, Mama Koku alikuwa ananisubiri. Akaniweka sawa kola. "Usiogope mtoto wangu. Wewe sema ulivyofanya, basi. Ulimpa, si ndiyo?" Nikamwambia, "Nilifikisha, mama." Akatosheka na jibu hilo, na mimi nikajichukia pale pale kwenye ngazi.

Chumba kilijaa. Hakimu alikuwa mtu wa Pwani, mpole, aliyehamia kwetu miezi michache nyuma. Nilipanda kizimbani, nikaapa, na mama mkwe akaingizwa kwa mlango wa pembeni. Tangu kuoa sikuwahi kuwa naye kwenye chumba kimoja bila pazia. Akajitanda kanga usoni na kukaa ubavu. Nami, kabla sijajua ninachofanya, nikageukia ukuta. Nikasikia Wasukuma waliokuwa kwenye mabenchi wakiguna. Wakili akasubiri hadi mguno ukaisha. Alikuwa na adabu sana. "Shahidi, kiapo chako kinasema ulimkabidhi mdaiwa mkononi. Nina ombi dogo tu. Mtazame mdaiwa usoni, uithibitishie mahakama kwamba ndiye huyu." Hakimu aliona ni ombi la haki kabisa. Akaniambia, "Mtazame, shahidi." Nilijaribu. Mungu ni shahidi wangu, nilijaribu. Nikashusha macho sakafuni, nikayapandisha hadi kwenye viatu vyake, vyeupe, vipya, vya mtu ambaye miguu yake imezoea kandambili, na hapo shingo ikakataa. Sikuwa namlinda. Wala sikuwa nafikiria Kampuni. Ni mwili tu uliofundwa tangu utotoni, na ulipoitwa ukagoma. "Mheshimiwa," nikasema, "huyu ni mkwe wangu. Sikumpa mkononi. Niliweka kwenye kigoda."

Sauti iliyotoka kwenye mabenchi ya wadai siwezi kuieleza. "Kwa hiyo kiapo chako ni cha uongo," wakili akasema, kwa upole uleule. Nikasema ndiyo, lakini alisikia, alinijibu, nilipogeuka karatasi haikuwapo. "Ulimwona akijibu? Ulimwona akiichukua?" Nilisikia, nikasema. "Ulisikia sauti nyuma ya pazia." Hakimu akaandika. Hapo Mama Koku akasimama. Wadai hawakuwa na uwezo wa wakili, yeye ndiye aliyewasemea siku zote, na hakimu akamruhusu amhoji mdaiwa. Hakupandisha sauti. "Mama mwenzangu, mimi sina habari na mkono. Nakuuliza mbele ya Mungu. Siku hiyo ulimsikia mkweo akikwambia kuna karatasi?" Kanga haikuteremka. Karani akaacha kupekua. Mama mkwe akajibu taratibu, kwa Kiswahili safi kuliko nilivyowahi kumsikia: "Mimi na mkwe wangu hatuzungumzi." Hakuna Msukuma mle ndani ambaye angeweza kulipinga jibu hilo. Ndivyo ilivyo. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nikaona mabega ya Mama Koku yakishuka. Alikuwa ameishi kwetu miaka thelathini, aliyajua mambo yetu, na alielewa kabla ya hakimu kwamba pale ndipo nyumba yake ilipoondoka.

Nimelifikiria jibu lile kuliko sala zangu zote. Aliambiwa na wakili aseme hivyo, au lilimtoka mwenyewe? Alijua anamfanyia kazi nani? Baadaye ilijulikana kwamba Mkurugenzi alikuwa akila kwake mwaloni enzi za masufuria, akamwambia, mama, weka dole gumba hapa, utaachana na moshi wa jiko. Hakusoma alichokitia dole. Zamani nilimwona nyoka. Siku hizi namwona mwanamke aliyekaa kwenye nyumba yenye madirisha yaliyofungwa akisubiri mtu wa kumwambia afanye nini, na mtu wa kwanza kubisha hodi akiwa na karatasi ya kweli nilikuwa mimi, nami nikazungumza na ukuta. Lau angeingia mwingine, asiye mkwe, akamsomea neno kwa neno, labda angeshtuka akafika kortini. Labda. Aliishia kwa dada yake Misungwi, bila nyumba na bila masufuria, na alikufa hatujawahi kusemezana.

Hakimu alitengua hukumu, akaondoa amri ya kukamata mali, akaagiza wito mpya upelekwe na tarishi mwingine. Mimi nilipewa onyo kali la maandishi. Mzee Tito alinipigania nisifukuzwe, kisha hakusema nami kwa wiki mbili. Wito mpya ulihitaji siku za kuandikwa na kusainiwa, na Kampuni haikuhitaji siku. Asubuhi ya pili baada ya uamuzi nilikuwa kwenye gati la kivuko cha Kamanga na samansi za watu wengine, nikaona malori yale mawili yanashuka kuelekea kivukoni, yamefunikwa maturubai, injini zimefungwa juu kwa kamba. Sikuwa na karatasi ya kuyazuia. Ningeweza kupiga kelele, na nani angenisikiliza? Lori la pili lilipopita karibu yangu nikaona kanga kwenye kiti cha mbele. Nikachepuka, nikageuza uso kama mkwe anavyotakiwa. Nilikuwa nimeshageuka kabla sijakumbuka kwamba ndani ya lori lile ilikuwa inaondoka nyumba ya Nyegezi. Kivuko kikaondoka kikipasua magugumaji, na maji meusi yakajifunga nyuma yake. Walioniona walidhani nachungulia ziwa.

Mkopeshaji hakukawia. Shauri lake dhidi ya Mama Koku lilifika masjala kabla ya mwezi kwisha, na samansi ikatua mezani kwa Mzee Tito. Akaisoma, akaisukuma kando. "Nitampa mtu mwingine," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu uamuzi. Nilijua huyo mwingine angefanyaje: angebisha mara moja, akikosa kuitikiwa haraka angeibandika mlangoni, aende zake kunywa. Nikaomba nipewe. Mzee Tito akaivuta tena, akanipa.

Nilimkuta uani nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake, anapukuchua maharage kwenye ungo. Milango yote ya nyumba ilikuwa wazi, na ndani nikaona vitanda vimetandikwa kihospitali, pembe za shuka zimekunjwa sawasawa, kana kwamba bado anategemea wageni. "Karibu mwanangu, kaa." Nikamwambia, mama, siwezi kukaa, nimekuja kikazi. Akaelewa. Akaweka ungo chini, akaenda kunawa mikono, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akarudi kusimama mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili. "Lete." Nikampa. Nilimtazama usoni wakati nampa, nilijilazimisha, na yeye alinitazama mimi. Aliisoma yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma, midomo ikitembea. "Nasaini wapi?" Nikamwonyesha. Akasaini kwa mwandiko wa wodini, herufi zimesimama, kisha akainamisha kidevu kuitazama saa yake kifuani na kuandika pembeni ya jina lake: saa nne na dakika ishirini, nimepokea mwenyewe. "Nimekuandikia na saa," akasema, akinirudishia nakala. "Usije ukapata matatizo tena kwa ajili ya karatasi."

Nilirudi ofisini nikajaza fomu. Nikafuta sehemu ya mlangoni, nikaacha ya mkononi, nikaapa. Kila neno lilikuwa kweli. Mwaka ule kiapo hicho hakikupingwa na mtu, na nyumba ikauzwa kabla ya vuli.